Picha ya Marehemu Babu

Kuze Tokuji alipigiwa simu na ofisi ya waigizaji saa nne asubuhi, akiwa bado anabishana na bakuli la uji wa mchele usiotaka kushuka. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Hamsini na saba kati ya hiyo aliimaliza kwenye studio za Uzumasa, magharibi ya Kyoto, akivaa nywele za bandia na kusukumwa chini na watu wenye majina. Mama wa ofisini alizungumza kwa upole kupita kawaida yake, na Tokuji alijua upole wa ofisi haukosi jambo.

"Mzee Kuze, kuna nafasi. Ila naomba usikasirike."

"Nakufa ukurasa wa ngapi?"

"Umeshakufa kabla filamu haijaanza. Wewe ndiye babu wa familia ya kwenye filamu. Wanataka picha yako tu, ya kuweka kwenye madhabahu ya nyumbani. Haya, kasirika sasa."

"Naonekana mara ngapi?"

"Kila wakikaa kula. Na familia yenyewe inakula sana."

"Niandike," alisema Tokuji.

Mama yule alikuwa amejiandaa kwa mabishano. Waigizaji wengi wazee hukataa kazi ya picha ya marehemu. Wanasema inafupisha maisha, kwamba ukiomboleza mtu kwa mchezo, mauti hayajui mchezo. Wanaokubali hupewa chumvi ya kujitakasa na pombe kidogo ya mchele, na picha ikimaliza kazi huchomwa kwenye kihekalu kilichomo uani mwa studio, ili lile ombolezo la uongo lisimfuate mtu nyumbani. Tokuji aliyajua haya yote. Alikubali kwa sababu alikuwa anaitaka ile picha.

Wiki tatu kabla, daktari alikuwa amemwonyesha kivuli kwenye kongosho lake na kumwambia kwamba labda atafika kiangazi, labda hatafika. Tokuji alishukuru, akainama, akarudi nyumbani kwa ile treni ndogo inayopita katikati ya barabara, na jioni hiyo akashusha makasha kutoka kabatini kutafuta picha ya mazishi yake. Hakuipata. Picha zilikuwepo mamia. Tokuji na kishungi cha bandia, Tokuji na bandeji jichoni, Tokuji amelala kifudifudi kwenye theluji ya chumvi. Katika nyingi alikuwa amegeuka, maana kazi yake ilikuwa kumtazama nyota, na kamera ilikuwa nyuma yake. Hata picha ya arusi yake ilikuwa na mtu mwenye nyusi zilizonyolewa kwa ajili ya kazi ya kesho yake.

Hakuwa nyota, na tuseme hivyo bila kumpaka mafuta. Alikuwa mtu wa chumba kikubwa, mmoja wa wale wasio na mlango wenye jina, wanaovalia pamoja juu ya mikeka na kukaa kwa kufuata miaka ya kazi. Aliingia akawekwa mlangoni penye baridi. Ilimchukua miaka arobaini kufika dirishani, na alipofika, filamu za panga zilikuwa zimeshapungua na chumba chenyewe kimebaki na watu tisa. Alikuwa amechoka. Alichoka zamani, hata kabla ya kongosho, lakini chumba kikubwa hakina siku ya kustaafu. Unaitwa, unaitwa, halafu siku moja huitwi.

Kilichomsumbua hasa ni binti yake, Chizuru. Mazishi yakifika, Chizuru ndiye atakayekaa mbele ya ile picha, na baada ya hapo ataiweka nyumbani kwake na kuifukizia ubani kila asubuhi, kama ada inavyotaka. Na Chizuru alikuwa na haki ya kutotaka kumwona.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, mwezi wa pili, mke wake Fumie alizidiwa hospitalini. Hospitali ilipiga simu studio saa tatu asubuhi, na saa nne ujumbe ukamfikia Tokuji mtoni walikokuwa wanapiga filamu, akiwa chini ya machela ya bwana mkubwa pamoja na wabebaji wengine watatu. Walikuwa wanangoja jua litoke mawinguni ndipo wapige. Tokuji aliupokea ujumbe, akaukunja, akautia mkandani. Fumie alifariki saa saba na dakika ishirini, na Chizuru, wakati huo msichana wa miaka ishirini na sita, ndiye aliyemshika mkono peke yake. Jua lilitoka saa nane.

Watu wa kazi hii wana msemo, kwamba mwigizaji hapewi kumuaga mtu wake kitandani. Husemwa kwa fahari, na wapo waliojengewa sifa kwa msemo huo. Tokuji alijifunika nao gubigubi. Alimwambia Chizuru kwamba siku ile alikuwa na sehemu kubwa, kwamba angeondoka filamu nzima ingesimama. Ukweli ni kwamba kando ya mto walikuwepo watu kumi na wawili wasio na kazi, na yeyote kati yao angeivaa ile kofia yake ya majani kwa dakika moja. Ilikuwa ni kumwendea tu msaidizi wa mwongozaji na kusema, mke wangu anakufa. Hakusema. Aliona haya kuomba.

Basi alitaka amwachie binti yake sura ambayo ataweza kuitazama bila uchungu.

Mpiga picha alikuwa Bi Nagai, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye mabega mapana, aliyewahi kumpiga Tokuji zaidi ya mara mia bila kumpiga usoni. Alimkalisha mbele ya kitambaa cha kijivu, amevaa kimono nyeusi ya studio.

"Babu wetu huyu kauza tofu miaka arobaini," alimweleza. "Wajukuu wanampenda. Akirudi nyumbani amerudi kweli, hana mahali pengine anapopafikiria. Hana kinyongo na mtu. Umempata?"

"Nimempata," alisema Tokuji.

Kamera ililia mara moja. Bi Nagai akaishusha, akatazama kioo chake kidogo kwa muda.

"Imetosha," alisema. "Sina cha kuongeza. Miaka yote hii ulikuwa umeificha wapi hii?"

"Hakuna aliyeiomba." Tokuji alikohoa kidogo. "Bi Nagai, nipige na moja yangu. Mimi mwenyewe, si babu."

"Mbona rahisi. Kaa hivyo hivyo. Usifanye kitu."

Tokuji akakaa bila kufanya kitu. Bi Nagai alipiga, akatazama, akakunja uso.

"Huyu nani?"

"Mlinzi wa lango," alikiri Tokuji. Alikuwa amejisikia mwenyewe mabega yakipanda, tayari kusukumwa.

"Na huyu?"

"Nadhani ni mpagazi."

"Na huyu wa tatu?"

"Huyo mlevi. Nimemcheza sana, anakuja tu."

Bi Nagai alicheka, kisha akaacha kucheka. Alipiga kumi na moja. Katika kumi na moja hizo hakukuwa na hata moja ambayo Tokuji angeweza kuinyooshea kidole na kusema ndiyo mimi. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kimono, na mgongo ulimuuma kuliko siku alizokuwa akiangushwa kutoka juu ya paa.

"Mzee, umechoka," alisema Bi Nagai. "Tutajaribu siku nyingine."

"Basi nitachukua ya babu," alisema Tokuji. "Ndiye mzuri kati yetu."

Picha haina haja ya kuhudhuria upigaji wa filamu, lakini siku ya mwisho ya kupiga sehemu za madhabahu Tokuji alikwenda. Alifika saa tisa alasiri, akawaamkia wote habari za asubuhi, kama watu wa studio wanavyoamkiana hata jua likizama, akasimama nyuma ya nyaya. Yule mama aliyecheza mjane aliweka kibakuli cha wali mbele ya picha, akagonga kengele ndogo, akafumba mikono. "Leo biringani zilikuwa tamu," aliiambia picha. "Ungekula tatu." Hakulia. Alisema tu kama mke anavyomsemesha mume aliye chumba cha pili, na Tokuji alihisi wivu mkubwa kwa yule muuza tofu ambaye hakuwahi kuwepo.

Mwongozaji aliporidhika, Mizobe alikuwa wa kwanza kufika kwenye madhabahu. Mizobe alikuwa mkuu wa vifaa, mtu mfupi mkali, rafiki wa Tokuji kwa miaka thelathini na tano kwa sababu hakuna mwingine aliyewastahimili. Aliitoa picha kwenye fremu akaifunga kwa kitambaa cheupe upesi upesi.

"Umekuja kujitazama ukiombewa," alisema bila kugeuka. "Una roho ya chuma."

"Mizobe, naiomba hiyo picha."

"Ipi?"

"Hiyo uliyoshika."

"Hii inakwenda motoni. Kuhani anakuja kesho saa tatu. Umeanza kazi hii juzi?"

"Nataka niende nayo nyumbani."

Mizobe aligeuka. "Nakata alichukua yake nyumbani, unamkumbuka Nakata? Aliipenda, eti alitoka mzuri. Kabla mvua za mwezi wa sita hazijaanza tulikuwa tumeshamzika."

"Nakata aliugua ini miaka kumi."

"Lakini alikufa."

"Kila mtu hufa, Mizobe."

"Kwa zamu yake. Mimi sitakuwa mtu wa kukurusha zamu. Hii picha imegongewa kengele siku sita, imewekewa wali, imeitwa marehemu na watu wazima wenye akili zao. Sikupi. Nenda kamlilie mwongozaji, naye sitampa."

Tokuji alitafuta mahali pa kukaa, akapata ngazi ya nyumba ya maigizo ya yule mjane. Wafanyakazi walikuwa wanakunja nyaya na hakuna aliyewatazama.

"Haiwezi kuniua," alisema. "Imechelewa."

Mizobe alimtazama. Aliutazama mkono wake, ukosi wa shati uliokuwa mpana kwa shingo, rangi ya macho, vitu ambavyo kwa mwezi mzima alikuwa ameviona na kuvipita. Alikuja akakaa ngazini pembeni yake na kile kifurushi cheupe mapajani.

"Nani anajua?"

"Daktari. Na wewe sasa hivi."

"Chizuru?"

"Bado."

"Kwa hiyo umemwambia mtu wa vifaa kabla ya mwanao. Wewe mzee ni mpumbavu, na nilikwambia hivyo mwaka ule ule tuliojuana." Sauti yake ilikuwa imekwaruza. Akakisukuma kifurushi mapajani mwa Tokuji. "Kuhani lazima achome kitu. Hatajua."

"Bi Nagai anazo nyingine kumi na moja. Mpe yule mlevi."

"Nitampa wote kumi na moja," alisema Mizobe, akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi ya chumvi, akamrushia Tokuji begani kushoto na kulia kwa hasira, kama anayefukuza nzi. Kisha akaondoka kwenda kuwafokea watu wa taa.

Jumapili Tokuji alipanda treni hadi Otsu, ng'ambo ya vilima. Chizuru aliishi peke yake ghorofa ya tatu, na kazi yake ilikuwa ofisi ya manispaa, dirisha la kuandikisha vizazi na vifo. Sasa alikuwa na miaka arobaini na minane, na mvi alizoziacha kwa makusudi. Kwa baba yake alikuwa na adabu isiyo na dosari. Alimpigia simu tarehe moja ya kila mwezi, alimpelekea makoti ya baridi, na hakumwuliza kitu.

Alikuwa amechemsha tofu na kabichi. Walikula, Tokuji akijitahidi vijiko sita ili asionekane, kisha akafungua kitambaa cheupe na kuiweka picha mezani kati ya mabakuli.

Chizuru aliinama kuitazama. Alipangusa mikono, akaishika kwa pembe zake, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu nani?"

"Mimi. Imepigwa mwezi huu."

"Hapana," alisema Chizuru, kwa sauti ile ile anayowaambia watu kwamba fomu yao ina kasoro. Aliendelea kuitazama. "Ni picha nzuri. Ana uso wa mtu mwema." Akairudisha mezani. "Huyu angekuja hospitalini."

Tokuji alifungua mdomo. Miaka hamsini na saba alikuwa akipewa uso wa kila hali, uso wa kuaibika, uso wa kuomba radhi, uso wa kupigwa kofi na bwana wake. Alizitafuta nyuso zote na hakuna uliokuja.

"Siku ile," alisema, "sikuwa na sehemu kubwa."

"Najua."

"Nilikuwa mbebaji wa machela. Tulikuwa wanne, na wengine kumi na wawili walikaa tu. Ningeondoka hakuna ambaye angejua. Tulikuwa tunangoja jua."

"Najua, baba. Nilikwenda kuitazama ile filamu. Nilikwenda mara nne." Chizuru hakuwa amepaza sauti. "Nilisema, wacha nikaione hiyo sehemu iliyokuwa kubwa kuliko mama. Mara ya tatu ndipo nikakuona. Wa nyuma, kushoto. Sekunde mbili. Hukugeuka, lakini mgongo wako naujua. Ndio niliokuwa nauona ukitoka kila alfajiri."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Chini barabarani mtu alikuwa anapiga zulia lake ukutani. Tokuji aliyasikia yale mapigo, akahesabu hadi tisa, ndipo akaweza.

"Nilimwacha mama yako," alisema. "Na wewe nilikuacha naye peke yako. Sikuwa na sababu. Niliona haya kuomba ruhusa. Nisamehe."

Alikuwa analia, na hakulia vizuri. Makamasi yalikuwa yanamtoka. Chizuru alimsogezea boksi la karatasi laini, akamngoja. Hakusema amemsamehe. Alichukua kile kitambaa cheupe, akaifunga picha upya, kona kwa kona, akaisukuma upande wa baba yake.

"Hii irudishe wakaichome. Sitamfukizia ubani mtu nisiyemjua."

"Nitabaki sina picha."

"Utabaki huna. Nitawasha ubani mbele ya bakuli lako la wali, watu waniulize." Alikunja mikono mezani. "Sasa niambie. Mtu hachukui treni Jumapili kuleta picha ya mazishi yake kwa kujifurahisha. Na tofu hukuimaliza. Daktari amesema nini?"

Tokuji akamwambia yote, kongosho, kivuli, kiangazi. Alimwambia haraka, bila kupamba. Chizuru alisikiliza hadi mwisho. Macho yake yalijaa mara moja tu, akayafuta kwa kiganja. Kisha akainuka, akachukua kalenda iliyoning'inia kwenye friji na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Unarudi kwake lini?"

"Alhamisi. Saa nne asubuhi. Lakini nitakwenda mwenyewe, nimezoea."

Chizuru aliandika.

"Nitakuja."

"Alhamisi uko kazini."

"Nitaomba ruhusa," alisema Chizuru, bado ameinamia kalenda. "Watu huomba, baba. Na hupewa."